Fahamu: Namna ya kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako

Ukisajili laini ya simu Mwanjelwa jijini Mbeya au Miyomboni mjini Iringa, wakala huchukua namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na alama ya kidole. Taarifa hizo zikitumiwa vibaya, mtu mwingine anaweza kutumia laini yenye jina lako.

Usajili huu ulianza lini?
Usajili kwa alama za vidole ulianza Tanzania nzima Mei 2019. Laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020.

Hatari iko wapi?
Wakala asiye mwaminifu anaweza kukuambia kidole hakijasoma, urudie. Alama ya pili inasajili laini nyingine, na tapeli anaitumia kutuma ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Uchunguzi ukianza, jina linaloonekana ni lako.

Utajikagua vipi?
Piga *106# na ufuate maelekezo. Ukiona namba usiyoitambua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika, uombe ifutwe. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040.

Sheria inasemaje?
Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zitumike kwa lengo lililokusanyiwa tu. Kwa hiyo una haki ya kumuuliza wakala sababu kabla ya kuweka kidole mara ya pili.