Masomo ya Sanaa katika Chuo Kikuu cha Umma

Chuo kikuu cha umma huendeshwa kwa kodi ya wananchi. Kwa hiyo mkulima wa chai au mvuvi ana haki ya kuuliza: yeye hupata nini mwanafunzi anapokaa miaka kadha akisoma fasihi, historia, falsafa na lugha? Mhandisi hujenga daraja, daktari hutibu wagonjwa; je, msomi wa ushairi humfaidi nani? Aghalabu hujibiwa kwamba masomo ya sanaa hunoa akili. Jibu hilo halitoshi, kwani hata hesabu hunoa akili. Jibu lenye uzito zaidi lapatikana katika historia ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Chuo hicho kilianza kama chuo cha ufundi, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956. Kufikia mwaka 1968 kilikuwa mojawapo ya vyuo vitatu vya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Fasihi ilifundishwa katika Idara ya Kiingereza, na kiini chake kilikuwa Uingereza. Tarehe 24 Oktoba mwaka huo, walimu watatu, yaani Ngũgĩ wa Thiong'o (wakati huo akiitwa James Ngugi), Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakipendekeza idara hiyo ivunjwe. Hawakudai kwamba fasihi ya Ulaya itupwe. Waliuliza: ikiwa yafaa kuufuata utamaduni mmoja tangu asili yake, mbona usiwe wa Afrika? Walitaka Afrika iwe kitovu, fasihi nyingine zisomwe kwa uhusiano wake na kitovu hicho, na fasihi simulizi ifundishwe.

Swali hilo halikubakia chuoni. Katika miaka ya 1970 wanafunzi walizunguka nchini wakionyesha michezo ya kuigiza kwa Kiingereza na Kiswahili. Mwezi wa Septemba 1974 walimu walikutana Nairobi kujadili ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika shuleni, na baadaye fasihi simulizi ikaingia katika mitaala ya shule za sekondari. Ngano na vitendawili vya bibi wa kijijini, vilivyokuwa vikidharauliwa darasani, vikawa somo lenye mtihani. Mlipa kodi alirudishiwa kilicho chake, na mtoto wake akafunzwa kukiheshimu.

Ni kweli kwamba nchi ina haja ya madaktari na wahandisi, na kwamba wahitimu wengi wa sanaa hutaabika kutafuta kazi. Lakini ufundi humwezesha mtu kujenga daraja. Hauwezi peke yake kumwambia lijengwe kwa faida ya nani, wala namna ya kusema na wenyeji watakaohamishwa. Maswali ya namna hiyo huulizwa na watu waliofunzwa kuyapima yaliyozoeleka. Hata hivyo, kuuliza kwaweza kumgharimu mtu. Ngũgĩ aliwekwa kizuizini tangu mwisho wa mwaka 1977 hadi Desemba 1978, na alipoachiliwa hakurudishiwa kazi yake chuoni.

Isitoshe, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria, makadirio ya fedha za serikali na maelezo ya dawa hayawezi kumfikia mwananchi kwa lugha hiyo pasipo wataalamu wa kuunda istilahi na kufasiri. Wataalamu hao hutoka katika idara za lugha.

Chuo cha umma kikiyaacha masomo haya, hayatatoweka. Watoto wa matajiri watayapata kwingine, nchini au ng'ambo, nao wataendelea kufunzwa kuuliza. Mtoto wa mkulima atabakia na ustadi wa kutekeleza yaliyokwisha kuamuliwa na wengine. Hiyo ndiyo hasara ambayo mlipa kodi hana budi kuihesabu kabla ya kukubali masomo ya sanaa yapunguzwe.