Neno Lililotoka Kwenye Chekeche

Neno "certain", ambalo Waingereza hulitumia kwa jambo lisilo na shaka, si la kwao kwa asili, bali liliwafikia kupitia Kifaransa cha kale baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na kufikia mwaka 1300 hivi lilikwisha kuingia katika maandishi yao. Kifaransa nacho kililirithi kutoka Kilatini, katika kivumishi "certus", yaani kilichoamuliwa au kilichothibitika, ambacho kinatokana na kitenzi "cernere". Na hapa ndipo penye utamu wa habari hii, kwa kuwa maana ya kale ya kitenzi hicho ni kuchekecha.

Chekeche lenyewe kwa Kilatini liliitwa "cribrum", neno la mzizi huohuo. Kutoka kuchekecha, maana ilisogea hadi kutenganisha, kisha kupambanua kwa macho au kwa akili, na hatimaye kukata shauri, hivyo kwamba yakini, kwa ushahidi wa neno hili, ni unga uliokwisha kutengwa na pumba, wala si jambo linaloshuka lenyewe moyoni. Mzizi huo umezaa pia "secret", yaani siri, kwa maana ya kitu kilichotengwa kando, na katika Kigiriki "krisis", yaani hukumu, ambalo matabibu wa kale walilitumia kwa ile saa ambayo ugonjwa hugeukia uzima au mauti. Neno "sure", ambalo wengi hulidhania pacha wa "certain", halina undugu nalo: limetokana na "securus", yaani asiye na wasiwasi, na kwa hiyo huelezea utulivu wa anayesadiki kuliko uzito wa ushahidi wake.

Ajabu ni kwamba Mwingereza akisema "a certain man" hataji mtu anayejulikana kwa wote, bali mtu fulani. Mgongano huu ni wa juujuu tu, maana mtu huyo amekwisha kubainishwa katika fikra za msemaji, ila msikilizaji ndiye asiyepewa jina. Kiswahili kimezigawa kazi hizo, kikitumia "yakini" na "hakika" upande mmoja na "fulani" upande wa pili, na maneno yote matatu yametoka katika Kiarabu.

Kabla ya "certain" kuwafikia, Waingereza walikuwa na "gewis", neno lenye mzizi wa kujua, ambalo ndugu yake angali hai katika Kijerumani kwa umbo la "gewiss". Kwa Waingereza lilifupika kuwa "iwis", likazidi kufifia, na waandishi wa baadaye, wakiwa hawalielewi tena, wakalikata vipande viwili kana kwamba ni sentensi yenye maana ya "najua", ilhali halikuwa kitenzi hata siku moja.