Vita Vilivyobaki Kifuani

Mwezi wa Oktoba mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Vita vikesha, lakini wapo waliorejea navyo majumbani. Mzee hushtuka usiku na kupiga kelele, mlio wa fataki humtoa mbio, hakai penye watu wengi. Huku Masama, kama kwingineko, husemwa ana jini, au ni ukali wake tu. Uzito wake waujua mke na watoto. Waganga wa hospitali huyaita maradhi ya kiwewe: kumbukumbu haikutulia mahali pake, hurudi kana kwamba jambo latokea sasa.

Mwaka 1987 Mmarekani mmoja, bibi Francine Shapiro, alitambua akiwa matembezini kwamba mawazo mazito yalimpungua makali macho yake yalipokwenda huku na huko. Akafanya tiba kwa njia hiyo, na mwaka 1989 akatangaza matokeo. Miongoni mwa aliowatibu walikuwamo askari wa vita vya Vietnam.

Namna yake ni hii. Tabibu kwanza humfahamu mgonjwa na kumfunza kujituliza. Kisha humwambia alete moyoni picha moja ya lililomtisha, huku akifuata kwa macho vidole vya tabibu viendavyo kulia na kushoto, kadiri ya nusu dakika. Hupumzika, husema lililomjia, wakaanza tena. Halazimishwi kusimulia yote kwa urefu; na kwa wazee wetu, walio wagumu kutamka waliyoyaona, hilo si jambo dogo.

Yasemwa akili haibebi vema mambo mawili kwa pamoja, basi picha hufifia. Wengine wabisha kwamba faida yatokana na kulikabili jambo lenyewe, si macho. Hata hivyo Shirika la Afya Ulimwenguni liliikubali tiba hii mwaka 2013, nami sioni kwa nini mgonjwa angoje wataalamu wapatane.

Si uchawi, mgonjwa yu macho na akili zake wakati wote, wala dua za nyumbani hazigongani nayo. Ila asiijaribu asiyefundishwa, kwani kumbukumbu iliyofunguliwa ovyo humzidishia mtu maradhi. Sisi wa upande huu na tuanze kwa daktari wa maradhi ya akili pale KCMC, Moshi, tuulize alipo mwenye ujuzi huo. Mke au mwana mkubwa afuatane na mzee, maana mengi ayafanyayo usingizini yeye mwenyewe hayajui.