Dizeli Chafu na Njia ya Kuifuatilia Ilikotoka

Dizeli safi ikitiwa katika chupa ya kioo na kuinuliwa mwangani huwa na rangi ya manjano hafifu, na herufi za gazeti lililoshikwa nyuma yake husomeka bila shida. Ukungu ndani ya chupa huwa ni maji mara nyingi: vitone vidogo vilivyotawanyika kabla ya kuzama. Chupa ikiachwa mezani usiku kucha, asubuhi maji hayo hukutwa chini, na mstari unaoyatenga na mafuta huonekana wazi.

Dizeli ni mchanganyiko wa mamia ya hidrokaboni, nyingi zikichemka kati ya nyuzi 180 na 360 za Selsiasi. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina kiwango cha pamoja cha ubora wake, na tangu 2015 salfa haitakiwi kuzidi miligramu 50 kwa kila kilo. Injini nayo inahitaji dizeli safi. Ndani ya nozeli ya injini ya kisasa, nafasi kati ya sindano na nyumba yake ni mikroni chache tu, ilhali unywele wa mtu hufikia mikroni 70. Kilainishi cha sindano hiyo ni dizeli yenyewe. Maji yakifika hapo utando wa mafuta hukatika, chuma husuguana na chuma, na mwenye lori hujikuta ananunua pampu na nozeli kwa fedha ambayo safari nyingi hazitairudisha.

Maji pia huzaa uhai. Kwenye mpaka wa maji na mafuta huota bakteria na ukungu unaokula hidrokaboni, na mafundi huukuta kama utelezi mweusi uliogandamana kwenye filta. Gari linalobadilishwa filta mara tatu kwa mwezi mmoja huenda lina shamba la ukungu ndani ya tenki, na filta ya nne haitaliponya.

Kuchakachua, yaani kuchanganya dizeli na mafuta mengine kama ya taa, ni jambo jingine. Mafuta ya taa huchemka kati ya nyuzi 150 na 270 hivi, kwa hiyo sehemu kubwa yake hulingana na dizeli, na jicho haliwezi kutofautisha mchanganyiko huo. Hata kipimo cha msongamano hudanganyika. Dizeli ya kilo 840 kwa mita ya ujazo ikichanganywa na asilimia 20 ya mafuta ya taa yenye 800, matokeo ni 832, tarakimu ambayo bado inapita kama dizeli halali. Joto nalo huvuruga usomaji: kila nyuzi moja inapoongezeka, msongamano hupungua kwa takribani kilo 0.7, hivyo kinachosomwa Dar es Salaam kwenye nyuzi 30 lazima kirekebishwe hadi nyuzi 15 kabla ya kulinganishwa na kiwango. Kipimo kinachofichua zaidi ni joto ambalo mvuke wa mafuta huanza kushika moto. Petroli kidogo tu, kama asilimia moja, huliporomosha joto hilo, na hapo lori lililobeba petroli safari iliyotangulia bila kukaushwa vizuri hujulikana.

Serikali zimejaribu kuondoa kishawishi chenyewe, yaani tofauti ya bei. Mwaka 2011 Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa, na mwaka 2018 Kenya ilianzisha tozo ya shilingi 18 kwa lita. Hatua hizo ziliwabana wachakachuaji, lakini ziliziumiza pia kaya zinazotegemea koroboi na jiko la mafuta ya taa, na gharama hiyo haifai kusahaulika.

Njia ya pili ni vinasaba, kemikali inayotiwa kwenye mafuta kwa kiasi kidogo mno. Tanzania ilianza mwaka 2010, na mafuta yanayotiwa ni yale ya soko la ndani yaliyolipiwa kodi. Yanayopita kwenda Zambia, Kongo au Rwanda hayatiwi. Kinasaba kikipimwa kituoni na kukutwa asilimia 80 ya kiwango kilichowekwa, sehemu moja ya tano ya mafuta hayo imetoka kwingine. Kenya imefanya kinyume: hutia kinasaba kwenye mafuta ya taa na kwenye mafuta ya kwenda nje, hivyo kosa huonekana pale kinasaba kinapojitokeza ndani ya dizeli ya kituo. Mifumo yote miwili hulinda kodi kwanza na injini baadaye. Hakuna unaoona maji, na hakuna unaomtaja aliyechanganya.

Kumpata mhusika huanza na swali la nani mwingine ameharibikiwa. Magari yote yakiwa yalijazwa kwenye pampu moja, hukaguliwa pampu na bomba lake. Pampu mbili zinazotumia tenki moja zikiwa na tatizo, huchunguzwa tenki. Vituo viwili vilivyopokea kutoka lori moja huelekeza macho kwenye lori, au kwenye ghala lilikopakiliwa.

Maji yenyewe husema yalikotoka. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 19 za kloridi, ya mvua karibu hayana kitu, na ya kisima mara nyingi hubeba kalisi. Tone la nitrati ya fedha likiangushwa kwenye maji ya bahari, weupe mzito hujitokeza papo hapo, na mashaka huhamia kwenye meli au bandari. Weupe ukiwa hafifu, hutazamwa kifuniko cha tenki la ardhini na mvua ya siku zile. Umande wa ndani ya tenki ni kidogo; hauwezi kujaza ndoo kwa usiku mmoja.

Kwa mafuta yenyewe, maabara hutumia kromatografia ya gesi, inayotenganisha sehemu za mafuta na kuzionyesha kwenye mchoro. Mchoro wa dizeli hufanana na kitana ambacho meno yake marefu yako katikati. Mafuta ya taa hurefusha meno ya kushoto, na oili chafu ya injini huinua kilima upande wa kulia.

Yote haya hutegemea sampuli, na hapa ndipo kesi nyingi hufia. Fundi anayemwaga tenki kwanza ili gari liwake amemwaga ushahidi, japo nia yake ni njema. Sampuli huchukuliwa mapema, moja kutoka chini na moja kutoka katikati, katika chupa safi ya kioo au kopo la chuma, kamwe si chupa ya plastiki ya maji ya kunywa. Hugawanywa sehemu tatu, ya maabara, ya mlalamikaji na ya muuzaji, kisha hufungwa kwa lakiri mbele ya pande zote na huandikwa tarehe, saa na namba ya lakiri. Ghala nalo hutakiwa kuwa na sampuli ya kila shehena, na kituo kuwa na ya kila lori kabla ya kupakua. Ya ghala ikiwa safi na ya lori chafu, uchafu uliingia njiani, na lakiri za lori ndizo hukaguliwa. Pasipo sampuli ya lori, dereva na mwenye kituo watashutumiana, na mchunguzi hatavuka geti la ghala.