Faradhi ya Tatu

Katika nchi nyingi mwanachuoni aliyekwisha kusomesha na kuandika huhesabiwa kuwa ametimiza kazi yake, na akitoka siku moja kwenda kijijini kuwafaa watu kwa elimu yake, hilo huchukuliwa kuwa ni ihsani tu, mfano wa sala ya sunna, ambayo mwenye kuisali ana thawabu na asiyeisali hana dhambi. Nchini Indonesia mambo si hivyo. Sheria ya elimu ya mwaka 2003, katika kifungu chake cha 20, imeviwajibisha vyuo vikuu vyote mambo matatu, yaani kusomesha, kutafiti na kuwatumikia watu, na mhadhiri atakaye kupanda daraja hana budi kutoa hesabu ya yote matatu. Hivyo lile la tatu, ambalo kwingineko ni sunna, huko limekuwa faradhi. Kwa sababu hiyo kila mwaka hutoka vyuoni misafara ya wahadhiri na wanafunzi wao kuelekea vijijini, na ukichungua ni nani hasa wanaoendewa, utaona kuwa makundi mawili hayakosekani kamwe: wafugaji wadogo wa samaki, na walimu wa shule.

Kwamba walimu wamo si ajabu, kwa maana desturi yote hii ilianza kwa ajili ya ualimu. Waholanzi walipoikabidhi Indonesia dola yake mwezi wa Desemba mwaka 1949, waliiachia taifa ambalo sensa ya 1930 ilikuwa imeonyesha kuwa katika kila watu mia hawakufika kumi waliojua kusoma na kuandika, na shule za sekondari za juu nje ya kisiwa cha Java zilikuwa chache mno, nazo walimu wake wa Kiholanzi walikuwa wakifunga mizigo. Hapo ndipo, mwaka 1951, mwanafunzi mmoja wa sheria katika Chuo Kikuu cha Gadjah Mada mjini Yogyakarta, jina lake Koesnadi Hardjasoemantri, alipotoa shauri kwamba wanafunzi wa chuo wayaache masomo yao kwa muda, wapelekwe visiwa vya mbali wakafundishe. Serikali ikalikubali shauri lile, naye mwenye kulitoa hakubaki nyuma akawatuma wenzake, bali alisafiri mwenyewe hadi Kupang katika kisiwa cha Timor, akashika chaki. Mpango huo uliendelea hata mwaka 1962, ukapeleka wanafunzi zaidi ya elfu moja. Koesnadi aliporudi Yogyakarta alifuatana na baadhi ya vijana wake wa Kupang ili waingie chuoni, na mmoja wao, Adrianus Mooy, baadaye alikuwa Gavana wa Benki Kuu ya Indonesia. Mwalimu wake naye akaja kuwa mkuu wa chuo kile kile, na miaka mingi baada ya kuuacha ukuu huo, ajali ya ndege iliyotokea Yogyakarta mwezi wa Machi 2007 ikakatisha maisha yake.

Nimeirefusha habari hii kwa kusudi, kwani ndani yake mna jambo litakalotusaidia kupima yote yafuatayo: vijana wale hawakukaa huko wiki wala mwezi. Walikaa wakajua majina ya wanafunzi wao na ya wazee wao, wakasahihisha mitihani ya mwisho wa mwaka, na mwaka wa pili ulipoingia wakaona wenyewe ni lipi katika mafundisho yao lililoshika na ni lipi lililomwagika.

Mwaka 1971 vyuo vitatu, Gadjah Mada, Hasanuddin cha Makassar na Andalas cha Padang, vilijaribu mpango mpya wa kuwapeleka wanafunzi vijijini uwe sehemu ya masomo yao ya shahada, na jaribio hilo likaenea hata likawa desturi ya nchi nzima. Lakini muda ulifupishwa. Mwanafunzi wa siku hizi hukaa kijijini takriban miezi miwili, kisha hurejea darasani. Na misafara ya wahadhiri aghalabu huwa mifupi zaidi ya hapo.

Sasa na tuingie mabwawani, maana humo ndimo elimu ya chuo inapokutana na matope, na matope hayana staha kwa mwenye shahada.

Samaki wanaofugwa sana na watu wadogo wa Java si wageni kwetu. Kambare wa huko ni yule yule kambare wetu wa Afrika, aliyefikishwa Indonesia kupitia Taiwan mwaka 1985, akapendwa kwa kuwa hukua upesi kumpita kambare wa kienyeji. Kabla yake alikwisha kufika perege wa asili ya Msumbiji, ambaye mpaka leo hakuna ajuaye kwa yakini alivukaje bahari. Lijulikanalo ni kwamba mwishoni mwa miaka ya 1930 mwanakijiji mmoja wa Blitar, Moedjair, alimkuta katika mdomo wa mto Serang, pwani ya kusini ya Java, akamchukua nyumbani, akamzoeza kidogo kidogo, akipunguza maji ya chumvi na kuzidisha maji baridi, hata samaki akakubali kuishi na kuzaa bwawani. Waindonesia wote humwita samaki huyo kwa jina la mzee yule. Moedjair hakuwa na chuo wala ruzuku, na ingefaa kila mhadhiri aendaye kumfundisha mfugaji alikumbuke jina hilo njiani, asije akadhani kuwa anakwenda kumimina maji katika chombo kitupu.

Taabu kubwa ya mfugaji mdogo, huko kama kwetu, ni chakula cha samaki. Chakula cha dukani peke yake hula zaidi ya nusu ya masurufu yote, na bei yake hupanda bila ya kumpigia hodi mtu. Taabu ya pili ni maji. Samaki akila, sehemu kubwa ya protini aliyokula haigeuki nyama, bali hutoka kwa kinyesi na kwa matamvua ikawa amonia, na amonia ni sumu. Ndiyo maana mfugaji hulazimika kuyabadili maji mara kwa mara, na mwenye kisima kidogo au uwanja wa mikono michache nyuma ya nyumba hawezi.

Kwa taabu hizi mbili vyuo huleta dawa moja, iitwayo bioflok, nayo yastahili kuelezwa vizuri. Badala ya bwawa la udongo hufungwa turubai la duara juu ya kiunzi cha wavu wa chuma, upana wake aghalabu mita tatu, likajazwa maji, na pampu ya hewa ikawekwa ifanye kazi usiku na mchana. Kisha majini hutiwa molasi, au unga wa muhogo, kwa kipimo. Bakteria wema waliomo hula sukari ile, na ili waongezeke huichukua amonia wakaigeuza miili yao wenyewe. Halafu hushikamana vipande vipande vya rangi ya hudhurungi vinavyoelea, na kambare huvila. Hivyo uchafu wa jana huwa chakula cha leo, maji hayabadiliwi ila kwa nadra, na gharama ya chakula hupungua.

Lakini hesabu yake ni ya kila siku. Mfugaji hutakiwa kuchota lita moja ya maji ya bwawa, kuyatia katika chombo kiangavu chenye umbo la pia, ncha ikiwa chini, na kuyaacha yatulie kwa muda wa nusu saa. Kisha huinama akasoma kandoni mwa chombo masimbi yaliyotuama yamefika alama gani. Yakiwa machache, huongeza molasi. Yakizidi, huacha kutia na kupunguza kidogo maji ya chini. Umeme ukikatika, hatari huingia kwa haraka, kwa kuwa bakteria nao wanavuta hewa ile ile ya samaki. Kambare ana kiungo cha kumwezesha kupanda juu na kuvuta pumzi ya hewani, kwa hiyo hustahimili kitambo, lakini perege hastahimili. Haya yote hayafundishiki kwa mhadhara wa asubuhi moja katika ukumbi wa kijiji, hata mhadhara ukiwa mtamu namna gani, kwa maana macho ya mfugaji hayajui bado kutofautisha maji ya hudhurungi yenye afya na maji ya hudhurungi yaliyooza, na tofauti hiyo hujulikana kwa kuyatazama siku nyingi pamoja na mtu aijuaye.

Yako mambo ambayo mfugaji ndiye mwalimu wa mwanachuo. Kwamba kambare wakubwa huwala wadogo, na kwamba hapana budi kuwachagua kila baada ya muda kwa kuwapitisha katika ndoo zilizotobolewa matundu ya vipimo mbalimbali, hayo mfugaji anayajua tangu kitambo. Anajua pia kwamba mikahawa ya barabarani inayouza kambare wa kukaanga kwa pilipili hutaka samaki wa kutosha sahani moja, saba hata kumi kwa kilo, na kwamba kambare aliyepita kipimo hicho hukosa mnunuzi akambakia mwenyewe. Hapa ndipo chuo kinapofaa kwa namna nyingine: kuwafundisha wake wa wafugaji kuwapika kambare hao wakubwa, kuwachambua nyuzinyuzi na kuzikaanga kwa viungo mpaka zikauke, zikafungwa katika mifuko na kukaa muda mrefu bila ya kuharibika. Katika wilaya ya Boyolali, Java ya Kati, kipo kijiji kilichovuma kwa jina la kijiji cha kambare, ambako samaki huyu hutengenezwa vyakula vya namna nyingi, hata ngozi yake ikauzwa.

Kuhusu walimu sitasema sana, kwa kuwa lililo jema ni dogo kuliko makelele yake. Sheria ya mwaka 2005 iliwataka walimu wote wawe na shahada, na kanuni ya mwaka 2009, iliyotumika kwa miaka mingi kabla ya kubadilishwa, ikashurutisha kwamba kuanzia daraja fulani mwalimu hapandi ila awe ameandika na kuchapisha utafiti wa darasa lake. Hapo vyuo vikajaza vijiji semina za kuwafundisha walimu kuandika makala. Kwa rai yangu semina hizo zilimsaidia mwalimu kupata cheo, na sidhani kama zilimsaidia sana mtoto kujua kugawanya. Mwalimu wa mkataba, ambaye mshahara wake haumfikishi mwisho wa mwezi na ambaye hana hata ngazi ya kupanda, hakuwa na haja nazo hata kidogo. Chenye faida ni pale mhadhiri anapoingia darasani akaketi nyuma, akasikiliza somo la mwenzake, wakajadiliana baadaye. Na kama lipo bwawa la chuo jirani na shule, kwa nini somo la hesabu lisifundishwe hapo, watoto wakapima samaki kumi, wakatafuta wastani, wakakadiria uzito wa bwawa zima? Mara nyingi mradi wa samaki na mradi wa walimu huendeshwa na vitivo mbalimbali, kila kimoja na gari lake na kofia zake.

Mhadhiri aliyepewa ruzuku ya serikali kwa kazi hii hutakiwa, kabla mwaka haujamalizika, kutoa makala katika jarida, habari katika gazeti, na picha za video. Hayo yote huweza kutimizwa na bwawa likiwa lina samaki wa mwezi mmoja. Bango la kitambaa lenye jina la mradi hutundikwa, watu husimama mbele yake wakapigwa picha, mashine ya kutengeneza chakula cha samaki hukabidhiwa kwa mikono miwili, na ripoti huandikwa kwamba maarifa ya wanakijiji yamezidi, kwa ushahidi wa maswali waliyojibu asubuhi na jioni ya siku ile ile. Mkanda wa mashine ukikatika mwezi wa tatu, hayupo wa kuulizwa.

Nasi tusicheke, kwani haya twayajua. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianza mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi, kwa majimbo 140, kila bwawa la mita 300 za mraba. Mabwawa yalichimbwa kweli, vifaranga na chakula vikagawiwa, na watu wengi wasiokuwa na desturi ya kula samaki wakamla. Na msaada ulipopungua, mengi kati ya mabwawa yale yaliota majani. Si kwamba wakulima walikuwa wavivu. Walikuwa wamepewa samaki na bwawa, wakakosa mtu wa kumwendea pindi samaki walipoanza kuelea tumbo juu.

Jamhuri ya Indonesia imefanya tendo la hekima kwa kuigeuza hisani kuwa wajibu, na vyuo vyetu vya Afrika Mashariki, ambavyo vina wataalamu wa samaki na vitivo vya ualimu chini ya paa moja, vingefanya vizuri kuiga. Ila vinapoiga, visiige kalenda. Ruzuku ya mradi wa bwawa igawanywe mafungu mawili, fungu la kwanza litolewe kazi inapoanza, na la pili lizuiliwe mpaka mfugaji awe amevuna mara ya pili kwa mikono na fedha yake mwenyewe. Na mradi wa walimu usifungiwe hesabu kabla ya mwaka mzima wa shule kwisha. Wahadhiri watalalamika kuwa ni muda mrefu. Koesnadi na wenzake walikuwa wanafunzi tu, nao walikaa zaidi ya huo.