Kijana Atakaye Kuwa Shofa wa Lori

Huko Nundu, katika nchi ya Fizi, malori hupita yakitoka Uvira kwenda Baraka. Wavulana husimama kando ya barabara, nao wakimwona shofa ameketi juu, kila mmoja husema moyoni, “Nami nitakuwa kama yule.” Tamaa hiyo si mbaya, kwa maana kazi hiyo hulisha jamaa nyingi. Lakini kijana asiyepata kushika usukani aanzie wapi?

Aanzie chini. Desturi ya nchi zetu ni kwamba kwanza awe boi-shofa, ambaye Watanzania humwita utingo. Yeye hupakia mizigo, hufunga turubai, hubadili mipira ya magurudumu, tena huweka kigingi nyuma ya gurudumu lori lisimamapo mlimani. Wengine huidharau kazi hiyo, kumbe ndiyo shule yenyewe. Humo kijana huzoea mlio wa injini, hata aujue ule wa ubovu. Hujifunza pia mahali ambapo mvua hugeuza njia kuwa matope.

Hata hivyo, kukaa karibu na shofa si kuwa shofa. Yampasa asome sheria za barabara, ajaribiwe, apewe ruhusa ya serikali. Aanze na gari dogo, kisha lori tupu, mwisho lori lenye mzigo, huku fundi mzee ameketi kando yake. Lori lililojaa halisimami upesi kama lori tupu. Katika milima iliyo kati ya Baraka na Fizi, shofa mwenye akili huingiza gia ya nguvu kabla ya kuanza kuteremka. Akitegemea breki tu, zitapata moto na kupoteza nguvu.

Ajue tena kwamba Kongo na Burundi huendesha upande wa kulia, bali Tanzania upande wa kushoto. Malori mengine yaliyonunuliwa huko ng’ambo yana usukani kulia, na shofa wake haoni vema njia ya mbele atakapo kumpita mwenzake. Basi asipite kwa kubahatisha.

Wako matajiri wampao usukani kijana asiye na ruhusa, kwa kuwa mshahara wake ni mdogo, wala hathubutu kukataa mzigo uliozidi kiasi. Wazazi, msifurahie bahati ya namna hiyo! Mbele ya mahakama atakayeulizwa kwanza ni yule aliyeshika usukani. Na juu ya mzigo huwa wameketi akina mama na watoto.

Kumbukeni Sange, katika bonde la Ruzizi. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka hapo. Watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukawaka, wakafa zaidi ya 230. Shofa na boi wake wajifunze hapo kwamba petroli ikimwagika kazi yao ya kwanza ni kuwafukuza watu mbali, wala pasiwe na sigara wala taa ya moto.

Wahenga walisema, “Haraka haraka haina baraka.” Kijana, miaka miwili mitatu ya kufunga turubai si hasara. Siku utakapoketi penye usukani, watu watapanda lori lako bila hofu, na mama yako atalala usingizi.