Msumeno wa Mnyororo kwa Mikorosho Mizee

Mkulima wa Kiegei mwenye mkorosho mzee usiozaa vizuri hana haja ya kuung'oa. Baada ya mavuno aukate, aache kisiki cha nusu mita hadi mita moja, kisha machipukizi yake yabebeshwe vikonyo vya aina bora. Shoka hupasua kisiki. Msumeno wafaa zaidi.

Msumeno mkubwa wa wapasua mbao hauhitajiwi. Mdogo, ambao bamba lake la mnyororo ni la inchi 14, watosha. Shina nene hukatwa kwa pande mbili. Ununue wa bei nafuu, lakini uulize kwanza kama mnyororo na plagi zake hupatikana Nachingwea mjini. Tena uijaribu breki: ukisukuma mbele kinga ya mkono, mnyororo usizunguke. Usio na breki uuache, hata ukiuzwa kwa bei ya kutupa, maana ncha ya bamba ikigusa tawi msumeno huruka kumwelekea mkataji usoni.

Petroli tupu huua injini hii. Huchanganywa na oili kwa kipimo kilichoandikwa kitabuni. Mnyororo nao una oili yake. Usiuache uguse mchanga, huwa butu mara moja.